Maziwa ya Bihogo Hayapandi Motoni

Biharamulo,
9 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa Domisiana,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Ineza wangu, na Bihogo pia, maana nisipomtaja ng'ombe wako utanuna. Nisalimie jirani yetu Frida na wote wa Mabawe wanaoniulizia. Mimi hapa hospitali naendelea vizuri. Ni nyumonia tu, wamesema inataka dawa na muda. Kitanda changu kiko karibu na dirisha, na asubuhi nasikia makonda wa stendi wakiita abiria wa Ngara. Kila wakiita, miguu yangu inataka kushuka kitandani.

Shangazi, agizo lako nimelipata kwa Habonimana, yule kondakta. Kasema hutaki nipige tena simu ya Frida. Maneno yako ameyaleta kama yalivyo: "Mwambie aandike, kalamu haina sauti." Sikukasirika. Basi, nilikasirika kidogo. Sasa naandika, na Habonimana ameahidi kuzipeleka barua zetu na kuzirudisha. Lakini nieleze. Siku ile tuliongea vizuri, Ineza akasema, "Mama, njoo," nikamwambia nakuja, tukaagana. Kulitokea nini baada ya hapo?

Na anakula? Usiniandikie tu kwamba hajambo. Niambie anakula nini.

Ni mimi mwanao,
Selestina


Mabawe, Ngara,
20 Juni 2024

Selestina mwanangu,

Marahaba. Milele amina.

Sisi hatujambo. Maharage tumevuna, si ya kujisifia. Wanajumuiya walisali kwangu Alhamisi, wakakuombea, kisha wakanywa togwa yangu yote. Bihogo anatoa maziwa asubuhi tu, lakini anatoa. Ng'ombe wa mzee Niyomugabo amekauka, kwa hiyo upande huu wote mwenye maziwa nimebaki mimi, na unajua ninavyopenda kuombwa.

Barua yako niliianika juani nusu siku kabla ya kuifungua. Usiniulize kwa nini.

Umetaka kujua habari ya simu. Ulipokata, Ineza aliigeuza simu ya Frida akaangalia mgongoni. Akakwangua kifuniko mpaka kikatoka, akatoa betri, akachungulia. Alikuwa anakutafuta humo ndani. Hakukuona, akaenda kutafuta chini ya kitanda, kisha jikoni, kisha zizini kwa Bihogo. Nilimkuta kakaa kwenye samadi analia bila sauti, maana sauti ilikuwa imekwisha. Kesho yake hakufungua mdomo, si kwa uji, si kwa ndizi. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba sauti inaweza kuja bila mtu. Kwa hiyo usipige. Nakukataza kama nilivyokukataza kucheza mtoni.

Kula, anakula kidogo. Anadai mkate. Nilimtuma Habonimana aniletee mkate wa duka kutoka Ngara mjini, Ineza akaunusa, akampa kuku. Nikampikia chapati, akasema hii ngumu. Anataka "mkate laini wa mama." Ni mkate gani huo? Na kile kikaango kizito cha chuma nilichokikuta katikati ya nguo zake, nilidhani homa imekupanda kichwani ukakosea mfuko. Kumbe ndicho? Nifundishe. Kuuliza si ujinga, ingawa nimezeeka bila kumwuliza mtu namna ya kupika.

Baba yake sijakuuliza tangu mtoto azaliwe, na leo sikuulizi. Nauliza mkate tu.

Shangazi yako,
Domisiana


Biharamulo,
28 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifunika shuka kichwani ili wenzangu wasinione. Ile habari ya betri sitaisahau mpaka nife. Sitapiga.

Hapa tuko salama. Nesi wetu anaitwa Happy, anatoka Nyakahura, ana mdomo kama wako. Ananilazimisha kunywa uji kwa vitisho.

Mkate huo ni wa Waturuki. Unakumbuka nilipokuwa napika kambini kwa wale waliokuja kujenga reli. Mpishi wao mkuu, mzee mmoja mwenye sharubu, alikuwa anaupika kila alfajiri, na hakutumia tanuri, kikaango tu. Wao wanauita bazlama. Ineza alipoota meno ya kwanza alimega huo. Nilipoacha kazi niliendelea kumpikia, kwa sababu ndicho kitu pekee kizuri nilichotoka nacho kule.

Chukua unga wa ngano, vikombe vitatu vya chai. Weka kijiko kidogo cha hamira, sukari kidogo ya kuiamsha, chumvi, na mafuta ya kulainisha mikono tu. Kisha mtindi nusu kikombe, na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka donge liwe laini kuliko la chapati. Linate kidogo vidoleni, usiogope, usiongeze unga. Kanda mpaka mkono uchoke. Funika kwa kitambaa, weka karibu na jiko, uliache liumuke mpaka liwe mara mbili. Kata madonge, yasukume kwa chupa, yasiwe membamba, yawe unene wa kidole chako. Yafunike tena yapumzike. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa, wana haraka.

Kikaango kiwe kikavu, hata tone la mafuta usiweke. Moto uwe wa makaa yaliyotulia, si wa kuni zinazowaka. Weka mkate, funika kwa mfuniko. Ukiona umevimba juu kama shavu la mtoto, geuza. Ukitoka, uzungushie kanga safi papo hapo, mvuke wake mwenyewe ndio unaoulainisha.

Ukiumega, ndani utanukia uchachu kidogo. Ineza hunusa kwanza. Huo ndio mwenendo wake, hunusa ndipo humega.

Shangazi, nakuomba mpikie haraka.

Selestina


Mabawe,
21 Julai 2024

Selestina,

Marahaba, mwanangu. Hapa vumbi tupu. Majani yamekwisha, namkatia Bihogo migomba. Habonimana alichelewa, basi lao liliharibika pale Benaco, barua yako ikalala huko na abiria.

Nimepika mkate wako. Nimefuata ulivyoandika. Umetoka kigae. Ningekuwa nazibia paa ningekushukuru. Kuku aliudonoa akaniangalia kana kwamba nimemdhulumu. Nilirudia mara ya pili, ukaungua chini na katikati ukabaki unga.

Ineza aliushika ule wa kwanza mkononi tangu asubuhi hadi jioni. Hakuula. Alitembea nao tu. Nilipotaka kuuchukua alinikazia macho, nikamwachia.

Ni mzima. Asubuhi namkamua Bihogo, naye Ineza anakunywa mafunda mawili matatu ya maziwa yakiwa bado ya moto wa ng'ombe. Hayo hakatai. Namshukuru Mungu kwa Bihogo.

Wewe kikohozi vipi? Nyumonia ya miezi miwili sijawahi kuiona. Mimi nilimuuguza marehemu mjomba wako Modestus mpaka mwisho, kwa hiyo usidhani unamwandikia mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nieleze tena huo mkate. Nimekosea wapi?

Domisiana


Biharamulo,
1 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwandiko huu si wangu, ni wa nesi Happy, mimi namtajia yeye anaandika. Mkono wangu una sindano ya maji. Si jambo kubwa. Happy anakusalimu na anasema unaonekana mkali.

Kama mkate umekuwa kigae, huenda hamira imekufa. Ile ya duka la kwetu hukaa hata mwaka mzima. Iamshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, na isipotoa povu, itupe. Mwagize Habonimana mpya. Kama umeungua chini ukabaki mbichi katikati, makaa yalikuwa mengi. Yapunguze, mengine yatawanye pembeni. Na je, uliyaacha madonge yapumzike, au ulikuwa unasimama juu yake kama polisi?

Nimepika huo mkate kwa maji ya mto, kwa unga mbovu, kwa kikaango cha kuazima, na sijawahi kupata kigae. Kuna kitu.

Zahanati wamempima uzito? Niandikie kilo zake.

Happy amechoka kuandika.

Selestina


Mabawe,
25 Agosti 2024

Mwanangu Selestina,

Marahaba. Mwambie huyo Happy kwamba mimi si mkali, nina haraka ya kueleweka.

Habari njema kwanza. Hamira ilikuwa imekufa kweli. Nimepata mpya, na mkate umeumuka, umevimba kama shavu kama ulivyosema, nikauzungushia kanga yangu ya Pasaka. Laini. Frida alikula vipande viwili akaomba cha tatu. Mzee Niyomugabo ambaye hana meno alikula, akasema Waturuki ni watu.

Ineza nilimpa wa kwanza. Aliuinua puani, akaunusa. Akaunusa tena upande wa pili. Kisha akauweka chini polepole, akasema, "Si wa mama." Hakulia. Afadhali angelia.

Kilo zake sikuziandika. Amepungua kidogo, ni kiangazi, kila mtu amepungua. Nywele zake nimezinyoa kwa sababu ya chawa. Viatu ulivyomletea vinambana, namwacha atembee pekupeku. Watoto wanakua. Analala sana mchana, ni vizuri, usingizi ni dawa.

Nimekwisha fanya yote. Sijui unataka nini zaidi.

Domisiana


Biharamulo,
30 Agosti 2024

Shangazi Domisiana,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sitaanza na shikamoo kwa sababu sina pumzi ya salamu. Utanisamehe au utanichapa nikifika.

Viatu vya mtoto asiyekula havimbani kwa kukua. Miguu yake imevimba. Na nyumba yako haijawahi kuwa na chawa tangu nikiwa mtoto. Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ndiyo maana umezinyoa, ili nikija nisizione, au ili usizione wewe. Nimelala wodini na mama ambaye mwanawe alianza hivyohivyo. Anasinzia mchana kwa sababu hana nguvu. Mpeleke hospitali, Shangazi. Mpeleke siku utakayoisoma barua hii.

Na jambo la pili. Hukuweka mtindi.

Nimeliwaza usiku na mchana, hamira, moto, unga, na jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo. Nimekulia kwako. Nilikuwa darasa la pili nilipobandika maziwa ya Bihogo wa kwanza, bibi yake huyu, nipate chai kama ya kina Frida. Ulinichapa kwa ufagio, ukamwagia jiko maji mpaka moto ukafa. Ukaniambia maziwa yakipanda motoni, chuchu za ng'ombe hupasuka na maziwa hukauka. Wengine wote wanachemsha, wewe hujawahi. Mtindi nao ni maziwa ya Bihogo, basi umeweka maji mahali pake, ukaniandikia kwamba umefuata nilivyosema.

Ineza ananusa uchachu. Bila mtindi ule ni mkate wa mtu mwingine.

Sasa na mimi niseme, kwa sababu wewe umenikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Si nyumonia. Ni kifua kikuu, kile sugu kinachokataa dawa za kawaida. Nitakaa hapa mpaka mwaka mwingine, kama nitakaa. Siruhusiwi kupanda basi na watu. Siruhusiwi kumshika mtoto. Hata akifa siwezi kuja kumzika. Unaelewa? Huyo mtoto hana mama wa kumpikia, ana wewe na kikaango.

Nakupigia magoti, Shangazi. Weka maziwa motoni.

Selestina


Biharamulo,
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Wiki tatu hakuna jibu. Habonimana anasema alikupa barua mkononi, ukaipokea, ukaingia ndani. Safari iliyofuata alikuta mlango umefungwa, na Frida akamwambia umeondoka na mtoto umembeba mgongoni. Umekwenda naye wapi? Ametoka mzima?

Juzi nilivaa kanga nikatoka hadi getini. Nilitaka kwenda stendi, nipande basi, nikae nyuma peke yangu dirisha wazi, nifike Mabawe. Kulikuwa na mama amesimama pale nje na mtoto mgongoni. Mtoto akanichekea. Nikarudi mwenyewe kabla Happy hajanikuta.

Mara nyingi nashika simu. Naitafuta namba ya Frida, naiangalia, naiweka chini. Umenikataza na nimetii. Lakini kunyamaza kwako ni kubaya kuliko matusi. Nitukane kama unataka, ila niandikie. Kama amekufa, andika amekufa.

Selestina


Mabawe,
29 Septemba 2024

Selestina mwanangu,

Hajafa. Nimeliweka neno hilo mbele ili usiruke mistari ukilitafuta.

Marahaba zote mbili, hata ile uliyoninyima.

Nilimpeleka hospitali kesho yake baada ya kuisoma barua yako. Tumekaa huko siku nyingi. Walimpa maziwa yao maalumu, akatapika. Wakampitishia mpira puani, akauvuta akautoa, wakaurudisha, akauvuta tena na damu. Miguu ilipungua kidogo, kisha akaanza kukataa hata maji. Daktari, kijana mstaarabu, akaniambia, "Bibi, huyu mtoto amekataa kwa moyo, si kwa tumbo. Kuna chochote anachokipenda?" Nilikuwa nakijua, nami nilinyamaza mbele ya daktari.

Acha nikueleze kwa nini, usidhani nilimpenda ng'ombe kuliko mjukuu. Tangu Juni kitu pekee kilichopita kooni mwa Ineza bila ugomvi kilikuwa maziwa ya Bihogo. Yale mafunda ya asubuhi ndiyo yaliyokuwa yanamshikilia. Kama ningeyapeleka motoni, mkate akaukataa kama alivyokataa mengine, na Bihogo akakauka, ningempa nini? Ningekuwa nimemaliza lile moja nililo nalo. Wewe unaona imani ya kizee. Mimi niliona mtoto na ng'ombe wakifa katika wiki moja. Ndivyo nilivyowaza kila nilipokanda, na kila mara mkono wangu ulifika kwenye kibuyu cha mtindi ukarudi kwenye maji.

Nikamwomba daktari aniruhusu nirudi naye nyumbani siku tatu, nikamwambia kipo kitu. Akaniruhusu.

Tulipofika nilikwenda zizini kwanza; siku zote hizo Frida ndiye aliyekuwa akimkamua Bihogo na kujaza kibuyu. Nilimwambia Bihogo. Cheka ukitaka. Nilimshika pembe nikamwambia, "Leo maziwa yako yanapanda motoni, ni mimi ninayeyapandisha, si mtoto. Kama kuna la kulipa, nilipishe mimi." Aliendelea kutafuna.

Kisha nikachukua kibuyu nikamimina. Nilikanda, nikafunika, nikakaa mbali na donge nisilisimamie kama polisi. Ineza alikuwa amelala mkekani jikoni, macho nusu wazi, hata nzi hawafukuzi tena. Nikaweka wa kwanza kikaangoni, nikafunika. Ulipoanza kuvimba nikainua mfuniko nigeuze, na ile harufu ya uchachu ikatoka.

Mtoto akainua kichwa.

Nilidhani nimeona vibaya. Akajiinua kwa mikono, akaja akitambaa, yeye aliyekuwa ameacha kutembea. Akakaa karibu na jiko mpaka nikamvuta asiungue. Nikaumega, nikapuliza, nikampa. Akanusa. Akanusa upande wa pili. Akaanza pembeni, kidogo kidogo, kama panya, akitafuna huku ananiangalia nisije nikamnyang'anya. Akamaliza kipande. Akanyoosha mkono.

Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na mwingine kikaangoni.

Habari ya kifua chako nilikuwa naijua tangu Juni. Unadhani barua zako nilizianika juani kwa nini? Modestus alikohoa hivyohivyo, nikavukiza nyumba nzima. Nilisubiri uniambie mwenyewe. Wewe na mimi tumedanganyana miezi minne, na mtoto katikati yetu ndiye peke yake aliyesema kweli.

Kunywa dawa zako.

Domisiana


Biharamulo,
7 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mpaka Happy akaniambia nitaichana kwa macho. Sina neno la kukushukuru linalotosha, kwa hiyo sitalitafuta.

Nina ombi, na najua ulivyonikataza. Masikio yangu yanavuma. Yalianza kwa mbali, kama mbu, sasa ni kama mvua juu ya bati mchana kutwa. Daktari amenipima akaniambia ukweli: sindano hizi zinaweza kuchukua masikio. Kwa mwili wangu mimi hawana dawa nyingine ya kubadilisha kwa sasa. Akasema nichague, nami nimechagua kupona. Lakini makonda wa stendi siwasikii tena asubuhi. Happy akisema nami namtazama mdomo.

Nataka kuisikia sauti ya Ineza kabla masikio hayajaziba. Mara moja tu. Najua kilichotokea mara ya kwanza. Najua kwamba nikipiga anaweza kuacha kula tena, na safari hii hana mwili wa kupoteza. Kwa hiyo sipigi. Nakuachia wewe. Ukisema hapana, nitaikumbuka ile aliyosema "Mama, njoo," itanitosha.

Bihogo hajambo?

Mwanao,
Selestina


Mabawe,
3 Novemba 2024

Selestina mwanangu,

Marahaba, na amani ya Bwana iwe nawe.

Mvua zimeanza, tumepanda maharage. Frida amepata mjukuu, wamemwita Ildefonsa, jina refu kuliko mtoto. Niliikawiza barua hii kwa sababu nilitaka kuwa na hakika ya ninachokuandikia.

Bihogo amekauka. Ilianza wiki ya pili baada ya ule mkate, kikombe, nusu kikombe, kisha hakuna, na majani yamejaa hadi magotini. Usiniandikie kwamba ni mzee, wala usiniletee habari za mimba, dume hajamwona. Nilimwambia anilipishe, amenilipisha. Sijutii. Nampelekea migomba kama kawaida, tunatazamana.

Ila Mungu ana utani wake. Ng'ombe wa Niyomugabo amezaa. Ikabidi mimi niliyezoea kuombwa nichukue kibuyu nikaombe. Nikamwambia wazi, sitaki kumdhulumu, kwamba maziwa yake yanakwenda motoni. Akacheka kwa ule mdomo mtupu: "Domisiana, hapa kwangu yanakwenda motoni kila siku, kwenye chai." Nikamtazama ng'ombe wake. Mnene. Mimi bado naamini ninachoamini, lakini maziwa niliyachukua.

Ineza anakula. Alianza na mkate peke yake, kisha akaanza kuuchovya kwenye mchuzi wa maharage, kisha akasahau mkate akala maharage. Juzi amekula ugali na dagaa akaomba kichwa cha dagaa. Hospitali wamempima, wanatabasamu. Nywele zinaota, nyeusi. Donge anakanda yeye, analipiga makofi, na kila tukipika anatengeneza kimkate kimoja cha ukubwa wa kiganja chake, anakifunika kwa kitambaa peke yake, anasema hicho cha mama. Hatuli. Kikikauka anampa Bihogo, maana kuku hamwamini tena.

Sasa ombi lako. Nimelichukua kanisani, nimelichukua shambani, nimelala nalo. Nimeogopa, Selestina. Nilishamwona mtoto huyu akifunga mdomo mara moja, na mimi sina ng'ombe mwingine wa kumpeleka motoni. Frida anasema usithubutu. Nilimwuliza Ineza mwenyewe: "Sauti ya mama ikija bila mama, utafanya nini?" Akafikiri. Akasema, "Nitamwambia mkate wake upo."

Piga Jumapili ijayo baada ya misa, kwa namba ya Frida. Nitakuwa nimepika, utakuwa wa moto, atakuwa nao mkononi. Nimemfundisha kupaza sauti, tumefanya mazoezi zizini, yeye mlangoni na mimi kule ndani, mpaka Bihogo akakasirika. Atapiga kelele. Wewe weka simu kwenye sikio lililo zima zaidi, na usimwambie unakuja. Mwambie uko wapi.

Akilia, mwache alie. Safari hii atalia ameshiba.

Shangazi yako,
Domisiana